Nilimfukuza dereva saa kumi na moja alfajiri, ikanigharimu laki moja na nusu

Wacha nianze na ile asubuhi yenyewe juu ndio watu huniuliza kila siku. Ilikuwa Machi 2022, Nakuru imepewa jina la jiji miezi mitatu tu na bado tulikuwa tunaitania hiyo stori, mimi nimesimama kwa geti ya bekari yangu huku Free Area nimejifunga leso juu ya koti, gari ya Molo imeshapakiwa, injini inanguruma, na mkononi nimeshika karatasi ya Mpesa ya mwenye duka mmoja wa Elburgon. Hiyo karatasi ilikuwa inaonyesha kwamba kwa wiki tatu huyo mzee amekuwa akilipia mkate wangu kwa namba ya simu ya dereva wangu, si kwa till ya bekari. Wiki tatu. Na mimi kila jioni nikiambiwa "Madam, yule mzee wa Elburgon bado ana deni, ni biashara tu imekuwa mbaya."

Dereva akafika akinisalimia vizuri kama kawaida. Nikamwambia weka funguo hapo, enda, usirudi. Akasema "Madam, naomba tuongee kidogo." Nikamwambia mimi siongei na mwizi. Wapakiaji wamesimama na kreti mikononi, turnboi amekodoa macho, hata mama wa mandazi ng'ambo ya barabara aliacha kukoroga chai. Kibarua chake kikaota nyasi hapo hapo, na enyewe sitadanganya, nilijiskia vizuri sana. Niliendesha hiyo gari mwenyewe mpaka Molo. Siku zake 11 alizokuwa amefanya mwezi huo sikumlipa, nikasema hizo ziende kulipia mikate.

Sasa haya maneno, "mimi siongei na mwizi", ndio nilikuja kuyasoma tena mwezi wa tano, yamepigwa chapa neno kwa neno kwa taarifa yake, na turnboi ameandikwa kama shahidi.

Barua ilitoka kwa mawakili wa hapa hapa Nakuru. Dereva wangu alikuwa analipwa 22,000 kwa mwezi, nilikuwa namtumia kwa Mpesa, mkataba wa kuandika hatukuwahi kuwa nao, alikuwa amekaa na mimi miezi 40. Hiyo barua ilikuwa imepanga hivi: mshahara wa miezi 12 kama fidia ya kufutwa isivyo haki, 264,000. Mwezi mmoja wa notisi, 22,000. Likizo ya miaka mitatu ambayo hakuenda, 53,308. Pesa ya nyumba, 132,000. Ovataimu, 148,000. Jumla 619,308. Nilisoma hiyo jumla nikiwa nimeketi juu ya gunia la unga, nikacheka, nikasema huyu ni mwizi ananidai laki sita na ushee, atalipwa na nani?

Hapa ndio nilifanya kosa la pili na hili sikulifanya kwa hasira, nililifanya nimetulia kabisa. Shemeji yangu alikuwa na wakili Nairobi aliyemfanyia shamba likatoka title vizuri, nikaona wakili ni wakili. Nikatuma 40,000. Yule bwana kwa simu aliniambia maneno matamu sana, ati mwizi hana haki, ati hii kesi haina miguu. Akaandika utetezi wa ukurasa mmoja na nusu unaosema mfanyakazi aliiba. Basi. Hakuniuliza nilimfukuza vipi. Hakuniuliza kama nilimpa nafasi ajieleze. Siku ya kesi kutajwa akatuma kijana asiyejua hata jina la bekari, akaomba muda, na muda huo nao nikaletewa bili yake.

Simlaumu sana, shamba anajua. Lakini sheria ya kazi ni kitu tofauti kabisa na mimi sikujua kuna mawakili wanaofanya hiyo tu. Nilikuwa nafikiri hao wako Nairobi na wanafanyia mabenki na makampuni ya bia. Kumbe Nakuru wapo, Kisumu wapo, Eldoret wapo, Kericho kwenye chai ndio usiseme, na ukifikiria vizuri unaona ni lazima wawepo, juu hiyo Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina majaji wake hadi huku kwetu na hawakuja kupunga hewa. Mashamba ya maua Naivasha, chai Kericho, miwa kuanzia Muhoroni hadi Bungoma, viwanda vya hapa Nakuru, kila mahali watu wameandikwa kuna watu wamepigwa kalamu.

Aliyenipeleka kwa wakili wa sasa ni mwenye kuniuzia unga. Ofisi iko juu, kwa jengo la zamani nyuma ya Kenyatta Avenue, ngazi za mbao zinalia, mawakili watatu na karani mmoja, na wanafanyia waajiri peke yake. Hilo nilipenda. Wenyewe wanasema wakishika leo mwajiri kesho mfanyakazi, kwa mji mdogo kama huu siku moja utajikuta unamshtaki mtu uliyemwandikia mkataba. Sijui kama wote wanafanya hivyo lakini ni swali la kuuliza kabla hujatoa pesa.

Wakili mwenyewe ni msichana mdogo kwangu kwa miaka, ananiita mama. Nikamwekea karatasi ya Mpesa mezani kama mtu ameweka joka kubwa kwa karata. Akaisoma yote, akasema ushahidi mzuri. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa.

"Mama, siku ulimwita kumsikiza, alikuja na nani?"

"Kumsikiza wapi?"

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole na hapo ndio nilielewa kesi yangu mwenyewe mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Sheria ya Ajira ya 2007 iko na vitu viwili na lazima uwe navyo vyote. Kwanza sababu ya haki ya kumfuta mtu. Pili njia ya haki. Sababu mimi nilikuwa nayo, hata sheria yenyewe inakubali ukimshuku mtu kwa misingi inayoeleweka kwamba amekuibia, hilo ni kosa kubwa la kutosha kumfuta papo hapo. Lakini kifungu cha 41 kinasema hata huyo wa papo hapo, hata huyo mwizi, kabla umfute lazima umweleze kosa kwa lugha anayoelewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua yeye au mtu wa chama cha wafanyakazi, na usikize anachosema yeye na huyo mwenzake. Mimi mtu aliniomba tuongee nikakataa mbele ya mashahidi saba. Yaani kama angekuwa ameniandikia yeye ile sinema nisingeicheza vizuri zaidi.

Na siku 11? Hapo wakili alifunga macho kidogo. Ukimfuta mtu unamlipa mpaka siku ya mwisho aliyofanya, hiyo haina mjadala. Kukata pesa iliyopotea kunaruhusiwa, lakini kwa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mkataba wangu ulikuwa wapi? Kwa kichwa. Na mkataba ukikosekana ni mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuonyesha mlikubaliana nini, ndio sababu ile pesa ya nyumba ilikuwa inanikodolea, mimi nasema 22,000 ilikuwa na nyumba ndani, yeye anasema haikuwa, na karatasi hakuna.

Kitu kimoja kiliniokoa na nilikuwa nimekifanya bila kujua maana yake. NSSF, ile akiba ya kustaafu. Wakati huo ilikuwa bado ni 200 yake na 200 yangu, kabla ya hizi za 2023, na mimi nilikuwa natuma kila mwezi juu mama yangu aliwahi kustaafu bila chochote na iliniuma. Kumbe mtu akiwa kwa NSSF hawezi kukudai tena ile pesa ya utumishi ya kila mwaka. Wakili aliona risiti zangu za NSSF akatabasamu mara moja tu kwa hizo saa mbili zote.

Nikamuuliza basi tunashinda ama hatushindi. Akasema, mama, tukienda mpaka hukumu utapoteza, swali ni utapoteza kiasi gani. Miezi 12 ni kipimo cha juu kabisa, na hakimu anaruhusiwa kuangalia kama mfanyakazi mwenyewe alichangia kufutwa kwake, kwa hiyo ile Mpesa ya Elburgon itashusha miezi, haitaifuta. Ovataimu yeye ndiye wa kuthibitisha, hiyo tutaipigania. Likizo na notisi tulipe tusijiaibishe. Na kila siku kesi inavyokaa, gharama inapanda. Kesi yenyewe ilikuwa kwa hakimu hapa Nakuru, si kwa jaji, tangu 2018 mahakimu walipewa kusikiza za watu ambao mshahara hauzidi 80,000, na huyu dada anajua hizo korti kama mimi ninavyojua maduka ya Njoro, anajua siku ya kutajwa inaanza saa ngapi kikweli na saa ngapi kwa karatasi.

Na wakili wa upande wa pili anamjua, walikuwa wanakutana pale kortini kila wiki, huyo wa Nairobi angeanza kwa barua tatu za matusi. Huyu wangu alimpigia simu. Wiki mbili tukaketi, 150,000 yote ndani, kwa awamu tatu, ikaandikwa kama maelewano na hakimu akaiweka kwa faili. Siwezi kusema nilifurahi. Awamu ya pili niliilipa mwezi ambao ngano ilikuwa imepanda na nusura niuze friza. Kuna siku bado nafikiria hiyo pesa nikiwa naoga. Na naamini mpaka leo sheria haijui tofauti ya mwenye watu 17 na mwenye watu 2,000, huyo mkubwa ana idara nzima ya HR, ya kushughulikia wafanyakazi, mimi HR ni daftari la shule la rangi ya bluu.

Halafu kulikuwa na cheti cha kazi. Wakili akasema dereva lazima apewe. Nikamwambia nitaandika, nitaandika vizuri sana. Akasema hapana mama, kinaandikwa jina lako na anwani, jina lake, alianza lini, aliisha lini, alikuwa anafanya kazi gani wapi. Hakuna mahali pa "mwizi". Nilitia sahihi kama mtu anayemeza kwinini.

Sasa ile kazi ya maana kweli ilikuja baada ya kesi kuisha. Alinishawishi, na nilikataa mara ya kwanza nikiona ni ujanja wa kuuza, nimlipe 15,000 kila miezi mitatu awe ananiangalilia. Akasema kabla hujaanza kulipa wacha nione mahali. Akaja saa kumi na nusu usiku! Amevaa raba na sweta kubwa, akaketi kwa stuli karibu na mizani, akaangalia zamu zikibadilishana, kimya, anaandika. Niliona anaangalia sana wale akina mama sita wa kufunga mkate kwa makaratasi.

"Hawa wanalipwa vipi?"

"Ni vibarua, kila jioni."

"Tangu lini?"

Nikahesabu. Yule mmoja alikuwa amefunga mkate wangu miezi kumi. Wakili akasema huyo si kibarua tena mbele ya sheria, mtu akifanya siku mfululizo zikafika mwezi, au kazi yenyewe ni ya kuendelea miezi mitatu na zaidi, sheria inamgeuza mtu wa mwezi hata wewe ukimlipa kila jioni kwa sarafu. Ana notisi, ana likizo ya siku 21 za kazi, ana kila kitu. Yaani nilikuwa na dereva sita wengine wanangoja kutokea na walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa hapo mbele yangu.

Tukaandika mikataba, ya Kiswahili, kurasa mbili. Hilo nililipenda kuliko yote, juu ile kesi yangu yote ilikuwa kwa Kiingereza cha kortini na si mimi si dereva tulikuwa tunaelewa nusu. Akaniambia pia nikifika watu 20 nitahitaji sera ya kuandika kuhusu kusumbuliwa kimapenzi kazini, na nikifika 50 kanuni za nidhamu zikae kwa maandishi. Nikamwambia nikifika 50 nitamnunulia gari.

Jaribio lilikuja mwaka uliofuata. Mtu wangu wa oveni wa usiku, kijana mzuri wa kutoka pande za Kakamega, akapatikana amelewa, trei nne zimeungua, moshi hadi kwa barabara. Damu ilipanda ile ile ya kwenye geti. Nikashika simu. Wakili hakulala vizuri hiyo siku nadhani, alisema tu "usiseme kitu, mpeleke nyumbani, mpe barua kesho." Barua ilikuwa mistari michache ya Kiswahili: ulipatikana hivi, tarehe hii, saa hii, tunafikiria kukufuta, jieleze kwa maandishi, na siku fulani saa fulani njoo na mwenzako umtakaye.

Tuliketi kwa stoo ya unga, meza ya plastiki, mimi, msimamizi wa zamu anaandika, kijana, na akachagua kuja na nani? Yule mama wa miezi kumi. Kijana akakubali kosa, akasema alikuwa ametoka matanga, akaomba msamaha. Nilikuwa tayari na uamuzi wangu kichwani kusema ukweli, hayo mengine ilikuwa ni kufuata sheria tu. Ndio yule mama akaomba kusema.

"Madam, kwa heshima. Yule wa zamu ya mchana mwezi wa nne alikuja hivi hivi. Ukacheka ukamwambia aende akalale."

Msimamizi akaacha kuandika. Kweli nilicheka. Yule wa mchana ni mtoto wa rafiki yangu.

Nikasema tupumzike kidogo, nikatoka nje nikampigia wakili nikiwa nimesimama karibu na matangi ya maji. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema ukimfuta huyu hilo ndilo swali la kwanza utaulizwa kortini, mpe onyo la mwisho la kuandika, na yule wa mchana pia mwandikie. Tulifanya hivyo. Hiyo simu ya dakika nne, kwa hesabu zangu, imelipia ile 15,000 kwa miaka kadhaa. Rafiki yangu alinuna wiki mbili.

Binamu yangu wa Kisumu ana gereji kubwa karibu na Obote Road, yeye alikuwa anataka kupunguza mafundi watano juu kazi za magari ya kampuni fulani ziliisha. Alikuwa amepanga kuwaita Ijumaa, awape mshahara wa mwezi kwa bahasha, asante. Nikamwambia kabla ya Ijumaa tafuta wakili wa waajiri huko huko Kisumu, usinitafutie wangu, wangu ni wa Nakuru, wewe unataka mtu anayeweza kutembea hadi ofisi ya leba ya kwenu na kurudi kabla ya saa sita. Akampata. Kumbe kupunguza watu kuna mlango wake, notisi ya mwezi mzima kwao na kwa afisa wa leba ikisema sababu na ukubwa wa jambo, kuchagua nani anaenda kwa kipimo kinachoeleweka kama muda wa kazi, ujuzi, uwezo, kuaminika, si kwa sura, na siku 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilika. Alilipa zaidi ya bahasha alizokuwa amepanga na alilalamika sana kwa simu, lakini wawili kati ya wale watano wanarudi kumfanyia kazi za mkataba mfupi na hajapata barua ya mtu.

Mkiniuliza ninamchaguaje wakili, mimi nina maswali machache tu. Muulize kesi za kazi anafanya ngapi kwa mwezi na kwa upande gani. Angalia jina lake kwa LSK, kile chama cha mawakili, kama ana leseni ya mwaka huu, hiyo unatafuta mwenyewe kwa simu. Akikuambia utamlipa tu mkishinda, toka, hiyo hata hairuhusiwi kwao. Na angalia kama anakuuliza mambo au anakuambia mambo. Yule wa Nairobi aliniambia, huyu aliniuliza.

Mwezi uliopita simu ikaingia, namba siijui. Ni mwenye bekari nyingine huku Lanet, tunajuana kwa jina tu, tunagombania maduka ya Gilgil. Akasema kuna dereva amekuja kuomba kazi, ana cheti chako, naona ulikuwa naye miezi 40, sasa mama, kati yetu tu, alikuwa mtu wa aina gani?

Nikameza mate. Nikamwambia nipe dakika kumi nina oda hapa. Nikampigia wakili.

"Kwa cheti tuliandika nini?"

"Tarehe na kazi."

"Basi mwambie tarehe na kazi."

Nikampigia yule bwana. Nikamwambia Novemba 2018 hadi Machi 2022, dereva wa njia ya Molo. Akangoja. Mimi pia nikangoja. Mwishowe akasema sawa, asante mama, na tukaanza kuongea juu ya bei ya unga.